Hata Mgeni Asipokohoa, Osha Swichi

Sisi tunaokodisha vyumba vya wageni hapa Mombasa tuna tabia ya kusafisha chumba kwa kuangalia uso wa mgeni. Akikohoa au akishinda kitandani, chumba kitamwagiwa jiki mpaka macho yawashe. Akiwa mchangamfu, mchana ufuoni Nyali, jioni Mji wa Kale kula mishkaki, basi shuka zitabadilishwa, sakafu itapigwa deki, na saa nane mgeni mwingine ataingia. Dada anayenisaidia kazi aliniuliza waziwazi siku moja: "Mama, huyu alikuwa mzima kabisa. Hizi swichi nazisugulia nini?"

Ana haki ya kuuliza, maana kusugua anasugua yeye.

Virusi havingoji mtu aumwe ndipo vitoke mwilini. Mwenye corona huanza kuvitoa siku mbili tatu kabla hajasikia chochote, na wapo wasioumwa kabisa tangu mwanzo hadi mwisho. Homa ya ini aina ya A inanitisha zaidi. Mtu hutoa virusi kwa wingi kwenye choo wiki moja au mbili kabla macho hayajageuka manjano, na watoto wadogo wengi huwa nayo bila dalili yoyote. Halafu kuna norovirusi, ile ya kutapika na kuharisha kwa ghafla. Mtu akishapona, huendelea kuitoa kwa wiki mbili au zaidi huku akijiona mzima, na chembe zisizofika hata 100 zinatosha kumwangusha mwingine.

Machi 2020, nchini China, wanafunzi wawili waliotoka ng'ambo waliwekwa karantini hotelini. Hawakuwa na dalili, lakini vipimo vikaonyesha wana corona. Watafiti walipochukua sampuli kwenye vyumba vyao, sehemu 8 kati ya 22 zilikutwa na vinasaba vya virusi, na vingi zaidi vilikuwa kwenye shuka na foronya. Kukuta vinasaba si kusema virusi bado vilikuwa hai, na corona yenyewe husambaa zaidi kwa hewa. Ndiyo maana mgeni akitoka, kitu cha kwanza kwangu ni kufungua madirisha yote na kuwasha feni, upepo wa bahari upite. Lakini virusi vya tumbo na vya ini njia yao ni mkono na mdomo, na mkono hupita kwenye vitasa.

Baada ya madirisha, kitanda. Usikung'ute shuka. Najua tumelelewa tukikung'uta, lakini kukung'uta kunarusha kila kilichoko kwenye kitambaa. Kunja kuanzia kwenye pembe ukielekea katikati, mbali na uso wako, utie moja kwa moja kwenye beseni la kufulia. Foronya zote zitoke, hata ya ule mto unaoonekana haukulaliwa. Fua kwa sabuni na maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, kisha anika juani mpaka zikauke kabisa. Ukishika shuka chafu, nawa mikono kabla hujagusa safi.

Kisha fuata mkono wa mgeni. Simama mlangoni ujifanye ndiye unayeingia usiku: kitasa, swichi ya taa, swichi ya feni, rimoti, mlango wa friji, komeo la bafuni, mfereji. Ukiinama karibu na swichi utaona alama ya kijivu ya vidole ukutani, imetanda upande mmoja, pale watu wanapopapasa gizani. Hapo ndipo pa kusugua. Kona ya dari haiguswi na mtu, ila ndiyo tunayoipandia ngazi.

Na chooni, jamani, lile kopo! Tunasugua sinki la choo likang'aa, na kopo la kutawadhia linabaki na mpini wake uleule, limeshikwa na kila aliyeingia, tena kwa wakati mbaya kuliko wote. Kwangu kopo na mpini wa ile mpira ya kujisafishia huoshwa kwa sabuni kisha hupakwa dawa kila mgeni anapotoka, bila kujali alikuwa mzima au la.

Dawa yenyewe ni jiki ya kawaida, lakini soma lebo. Ikiwa na nguvu ya asilimia 3.5 hivi, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo tisa vya maji kinatosha kuua hata norovirusi. Tangulia na sabuni, kwa sababu uchafu hula nguvu ya dawa. Paka, acha palowe dakika tano, ndipo upanguse kwa maji safi. Kupaka na kufuta hapohapo ni kupoteza dawa. Changanya ya siku hiyo tu, ya jana imwage, na chupa isikae juani. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo. Mvuke wake unaumiza mapafu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kidogo tu. Sanitaiza ya spiriti inafaa kwa corona, lakini kwa norovirusi haifui dafu. Huko ni sabuni na maji yanayotiririka.

Rimoti na swichi usizimiminie maji. Zima umeme, tumia kitambaa kilichokamuliwa vizuri, rimoti toa betri kwanza. Funguo nazo zioshe kwa sabuni na uzikaushe, jiki itazitia kutu. Zinapita mkononi mwa mgeni anayetoka, mwako, na wa anayeingia, yote kabla ya saa tisa alasiri.