Jibu: Maandishi ya kusoma kuhusu mito na mafuriko kwa Darasa la 3 na la 4

Assalaam aleikum walimu wenzangu.

Mwalimu wa Pemba ameuliza hapa namna ya kuandaa maandishi ya kusoma darasani kuhusu mito na mafuriko. Vitabu alivyonavyo vinaeleza mito mikubwa ambayo watoto wake hawajaiona, na hajui aanzie wapi wala aandike kwa urefu gani. Waliotangulia kumjibu wengi wamemshauri atafute hadithi za nje azifasiri. Mimi nina shaka na ushauri huo, na shaka yangu haitokani na lugha. Inatokana na maji yenyewe.

Mafuriko ya vitabuni karibu yote ni mto uliopanda ukavuka kingo. Ya huku kwetu Zanzibar mara nyingi si hayo. Ni mvua iliyoanguka pahala pa chini pasipo na njia ya kutokea, au mtaro ulioziba, au bahari iliyoingia bondeni wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kukupwa sana. Mtoto wa Sebleni au Mwanakwerekwe, mitaa ya mjini Unguja, anajua maji yanavyoingia ndani bila ya kuwapo mto wowote karibu. Wa Kisiwa Panza, huko Pemba, anajua bonde la mpunga lililoharibiwa na chumvi. Ukiwafundisha kwamba mafuriko maana yake ni mto kujaa, watakariri kwa ajili ya mtihani na hawatoyahusisha na maji ya kwao. Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kusoma isitaje mafuriko kabisa. Ieleze maji ya mvua yanaelekea wapi.

Anza na paa la skuli, maana hapo kila mtoto anaweza kutoka nje akatazama. Kanuni ni moja: milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Banda la darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 48 (pimeni chini, kwenye kivuli cha paa, msipande juu). Mvua ya milimita 50 inashusha hapo lita 2,400, yaani madumu 120 ya lita 20. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, huwa inakusudia mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, basi hesabu hii si ya kubuni. Mtoto akisoma "madumu 120 yamemwagika kwenye uwanja wetu" atauliza mwenyewe yamekwenda wapi, na hilo swali ndilo karatasi ya pili.

Karatasi ya pili ni ya kijito. Hapa Unguja na Pemba hazifanani, msitumie maandishi mamoja. Unguja vilima viko zaidi magharibi na kati, kwenye udongo wa kinongo (mwekundu, wenye kina), na huko ndiko kuna vijito kama Mwera na Kipange. Vijito vikishuka vikafika kwenye ardhi ya maweni, yaani ya mawe ya matumbawe, vyengine hupotelea chini, kwa sababu jiwe la matumbawe limejaa matundu. Watoto wanaipenda sana habari hii ya mto unaozama ardhini, na ni kweli. Pemba ni vilima na mabonde kila upande, mvua yake ni nyingi kuliko ya Unguja, na vijito vyake ni vifupi, vingi vikiishia kwenye hori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) zenye mikoko. Hapo mwandishi awe makini. Maji ya kijito huenda upande mmoja kutwa nzima na ni matamu. Maji ya hori hugeuka na bahari, yakipanda na kushuka, na ni ya chumvi. Mtoto apewe alama hizo mbili, ladha na mwelekeo, ili aweze kuamua mwenyewe akiyaona. (Ladha aulize mkubwa, asionje, maana maji ya kijito hayajulikani yamepita wapi.)

Karatasi ya tatu, mvua na bamvua, ndiyo muhimu kuliko zote kwa skuli za pwani, na ndiyo ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote cha watoto. Mitaro mingi ya mji inamwaga baharini. Bahari yetu wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupanda na kushuka karibu mita 4. Ikijaa, mdomo wa mtaro unaweza kufunikwa na bahari, maji ya mvua yakakosa pa kutokea, hata kama mtaro hauna taka hata moja. Mvua ile ile ikinyesha wakati wa maji mafu (siku ambazo bahari haipandi sana), au bamvua likiwa limekupwa, haileti shida kubwa kama hiyo. Watoto ambao mama zao wanalima mwani wanajua bamvua kuliko walimu wengine, tumieni elimu yao.

Huu ni mfano wa maandishi ya Darasa la 3:

"Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mtaro wa kwa kina Kombo unapeleka maji pwani. Asubuhi maji yalikwenda mbio. Alasiri yamesimama.
'Bibi, mtaro umeziba?' Kombo anauliza.
'Haujaziba, mjukuu wangu. Leo ni bamvua. Bahari imefika kwenye mdomo wa mtaro. Maji ya mvua hayana pa kutokea.'
Maji yanapanda. Bibi anaweka gunia la mchele juu ya meza. Kisha maji yanafika kwenye ngazi ya kwanza.
Magharibi bahari inaanza kukupwa. Maji ya mtaro yanakwenda tena."

Saa zimepangwa makusudi. Kwa Unguja, bamvua hujaa karibu na saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, na hukupwa karibu na saa 4. Ukiandika kwamba bamvua lilijaa saa 5 asubuhi, mtoto wa mvuvi atakucheka, na atakuwa na haki. Maswali yawe matatu tu. La kwanza jibu lake limo ndani ya maandishi: kwa nini maji ya mtaro yalisimama? La pili linataka afikiri: bibi aliweka mchele juu ya meza kabla au baada ya maji kufika kwenye ngazi, na kwa nini? La tatu linampeleka nje ya karatasi: kesho bahari itajaa saa ngapi? Jibu ni kuchelewa kwa dakika 50 hivi, na ataweza kulihakikisha pwani. Maswali kumi ya "taja" na "orodhesha" yanaua maandishi yoyote.

Kuhusu urefu, vipimo ninavyovitumia ni hivi: Darasa la 3 maneno 60 hadi 120, sentensi zisizozidi maneno 8. Darasa la 4 maneno 180 hadi 250, sentensi zifike maneno 12, na pawe na aya zenye jambo moja moja. Maneno mageni yasizidi matano katika kila maneno mia. Maneno marefu ya Kiswahili humkwamisha mtoto kuliko maneno magumu: "yaliyosababishwa" lina silabi nyingi na linabeba mambo matatu ndani yake. Andika "yameletwa na". Epukeni pia "maporomoko", "miundombinu" na "athari za kimazingira" mpaka Darasa la 5.

Kipimo cha mvua kiende sambamba na kusoma. Chukueni kopo la maziwa ya unga lenye ubavu ulionyooka, si chupa yenye kitako cha mabonde. Kama hamna ila chupa ya plastiki, ikateni shingo, tieni vijiwe chini, mimineni maji mpaka pale ubavu unapoanza kunyooka, kisha pigeni mstari wa sifuri hapo. Kiwekwe pahala wazi, mbali na mti au ukuta kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au ukuta huo. Kizungushieni mawe kisianguke. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, kama vituo vya hali ya hewa vinavyofanya, kisha kimwagwe (chupa irudishwe kwenye sifuri). Makosa ni yale yale siku zote: kimewekwa chini ya mwembe, kimesomwa Jumatatu mvua ya tangu Ijumaa, au maji yamepungua kwa jua na watoto wakadhani mvua ilikuwa ndogo.

Jaribio la sinia mbili linafaa kabla ya karatasi ya kijito. Tieni kila sinia udongo wa kina cha sentimita 4, mmoja mtupu, mwengine wenye majani yaliyochimbuliwa pamoja na mizizi yake. Inueni upande mmoja kwa nusu tofali, na chini wekeni bakuli. Toboeni kopo matundu kumi kwa msumari, mimineni lita 1 kwa kila sinia kutoka urefu wa sentimita 30. Kwenye udongo mtupu maji yatatoka mapema, mengi na yenye tope. Kwenye majani yatachelewa na yatakuwa meupe zaidi. Likishindikana, basi udongo ulikuwa mkavu ukanywa maji yote (urowesheni jana yake, kiasi sawa sinia zote mbili), au mmemimina kwa jagi na maji yakachimba shimo. Udongo wa kichanga pia hautoi tofauti kubwa, tafuteni kinongo. Sentensi watakazozisema watoto wakati wakitazama ziandikeni ubaoni, nazo ni maandishi ya kusoma ya kesho kwa Darasa la 2.

Ila msije mkahitimisha kwamba mafuriko yote yanatokana na kukata miti. Miti na majani huchelewesha maji, lakini mvua ya siku kadhaa juu ya ardhi iliyokwisha kushiba hufurika hata kwenye msitu. Kosa jengine ni kuita kila mvua nyingi El Nino. El Nino huzidisha hasa mvua za vuli, Oktoba hadi Disemba, kama ilivyokuwa mwaka 1997, na si kila masika makubwa ni yake. Na yule tone la maji wa hadithi za watoto, anayezungumza na kusafiri kutoka mlimani hadi baharini mimi namtilia shaka: anamfanya mtoto aamini kuwa kila tone hufika mtoni, na hali mengi hunywewa na ardhi au hupaa njiani. Kuhusu mvua na mafuriko kuwa rehema au mtihani wa Mungu, hayo yana walimu wake chuoni (madrasa). Karatasi yetu inaeleza njia ya maji tu.

Baada ya hapo ndipo mito mikubwa iingie, na wa kwanza uwe Rufiji, kwa sababu ni wa karibu na mdomo wake unatazamana na Mafia. Mito ya Kilombero na Luwegu inakutana ikaunda Rufiji, na Ruaha Mkuu unaingia mbele yake. Wakulima wa bonde lile kwa muda mrefu wamepanda mazao kwenye unyevu unaobaki maji yanapoondoka, kilimo wanachokiita mlao, na wakijenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kulinda shamba. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji na Kibiti yaliharibu nyumba na mashamba. Mto mmoja unalisha na unaharibu. Waacheni watoto wa Darasa la 4 wabishane juu ya hilo kwa hoja. Nile ipite kwa ufupi: mvua za Ethiopia ndizo zilizokuwa zikiifurisha Misri kila mwaka, mpaka Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970.

Kila karatasi ibebe agizo moja la usalama, si kumi. Mawili yanayostahili kurudiwa: maji yanayokwenda kwa kasi, hata ya kina cha sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima, basi mtoto asivuke, na kisima kifupi kilichofikiwa na mafuriko kihesabiwe kuwa kimeingiliwa na maji ya vyoo. Maji yake yatuame, yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemke kwa mapovu makubwa kwa dakika 1. Mkitumia klorini (dawa ya maji), haifanyi kazi vizuri kwenye maji ya tope, kwa hiyo kuchuja ni kabla, si baada. Na mtoto ambaye nyumba yao ilishawahi kuingia maji asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Mpeni zamu ya kupima mvua.

Uchapaji: karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kijitabu cha kurasa 16. Karatasi ya nje kabisa upande mmoja ina ukurasa wa 16 na wa 1, nyuma yake wa 2 na wa 15. Kunjeni karatasi tupu kwanza, ziandikeni namba kwa kalamu, ndipo mpange maandishi. Herufi ziwe za ukubwa wa 18 kwa Darasa la 3 na 14 kwa la 4. Picha ziwe za mistari mitupu, kwani fotokopi hugeuza kivuli kuwa doa jeusi, na kila picha ya maji iwe na mshale unaoonyesha yanakwenda upande gani. Kabla ya kutoa nakala zote, mpeni mtoto mmoja asome peke yake nanyi mkae kimya, mtie alama kila anapokwama. Akikwama zaidi ya mara tano katika maneno mia, punguzeni sentensi, msimlaumu mtoto.