Maswali ya Wasomaji: Maji ya Mfereji na Bei ya Kahawa

Swali: Mhariri, mtambo wa kumenya kahawa ulio juu yetu humwaga maji yenye maganda mtoni, na mfereji wetu unanuka. Kwa nini soko lisilirekebishe hili lenyewe? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Ndugu msomaji, bei ya kahawa hubeba gharama za mbolea, vibarua na usafiri, lakini haibebi ndoo yako ya maji yaliyochacha; gharama hiyo unailipa wewe usiyehusika na biashara hiyo, na kwa kuwa haimo katika hesabu za mwenye mtambo, ataendelea kumwaga. Mngekuwa majirani wawili tu, wewe na mwenye mtambo, mngeelewana. Lakini watumiaji wa mfereji mzima ni wengi, na kila mmoja humngoja mwenzake aanze kudai. Hapo serikali ina wajibu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba mchafuzi hulipa. Pelekeni malalamiko Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, kwa pamoja.