Fundi Anajibu: Nina milioni tisa, nibadilishe nini kabla sijalipa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nipo Arusha, nimedunduliza karibu miaka mitatu sasa nimefika milioni tisa na ushee, nataka baiskeli ya graveli, ile ya barabara za changarawe, ya maana, sio ile ya kununua leo kesho unaanza kutamani nyingine. Duka lipo Nairobi, inakuja kwa oda, na wamesema kabla sijalipa naweza kubadilisha vifaa. Sasa wamenitumia orodha ndefu hadi nimechanganyikiwa, rimu za kaboni, gia za umeme, usukani wa saizi tofauti, urefu wa krenki (mikono inayoshika pedali), siti, stemu (kipande kinachoshika usukani), mpaka rangi ya tepu ya usukani. Nina urefu wa sm 168, kilo 74, wikiendi napanda Monduli Juu na ndoto yangu siku moja nishiriki Migration Gravel Race kule Maasai Mara. Wenzangu wote wananiambia weka hela kwenye rimu za kaboni, mengine utarekebisha mbele ya safari. Wewe unasemaje?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, milioni tisa za kudunduliza sio mchezo. Ila hapo wenzako wamekuelekeza kinyume. Rimu ndo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha baadaye, unachomoa ekseli, unatoa gurudumu la zamani unaweka jipya, unahamisha kaseti (lile rundo la spoketi za nyuma) na diski ya breki, chai haijapoa ushamaliza. Vinavyosumbua ni vile vilivyojificha ndani ya baiskeli na vile vinavyogusa mwili wako, na hivyo ndo vya kubanana navyo na duka sa hivi, hela ikiwa bado mfukoni kwako.

Biashara yenyewe iko hivi. Kampuni inayounganisha baiskeli inanunua gia, breki na siti kwa maelfu, kwa bei ambayo mi na we hatutakaa tuione, ndo maana baiskeli nzima inauzwa chini kabisa ya jumla ya vipuri vyake ukivinunua kimoja kimoja. Sasa ukisema "nitabadilisha mbele ya safari" maana yake kipya unakinunua bei ya rejareja, na kile ulichotoa unamuuzia jamaa wa mtaani bei ya kutupa. Ukibadilisha kabla ya kulipa unaongeza tofauti tu, na vitu kama stemu na krenki saa nyingine hawakuongezei chochote kwa sababu bei ni ileile, saizi tu ndo tofauti. Kwa kila kitu waulize maswali mawili, tofauti ni shilingi ngapi, na cha zamani nabaki nacho au kinabaki dukani? Wakikwambia tofauti ni kubwa na cha zamani kinabaki kwao, hapo unapigwa.

Anza na stemu na usukani. Baiskeli nyingi za bei kubwa sa hivi mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta, haionekani kabisa, inapita ndani ya usukani, inaingia kwenye stemu, inashuka katikati ya beringi ya juu ya foku, inapendeza kweli, picha ikipigwa ni safi. Lakini kuna mteja wangu alileta ya namna hiyo, stemu ya mm 100, mgongo na shingo vinamuuma, anataka ya 80 tu, nikamwambia sawa ni nusu saa. Aisee. Tukaishia kufungua mipira yote miwili, kumwaga mafuta, kukata ncha, kutafuta vile vidude vya shaba vya kukazia ambavyo mjini havikuwepo, tukaagiza, wiki mbili baiskeli imening'inia ukutani kwangu kama popo, na kila akipita anaiangalia ananiangalia na mimi. Milimita ishirini hizo! Dukani wakati inaunganishwa mara ya kwanza angepewa ya 80 bila hata maneno. Kwa hiyo kama unaweza, nenda Nairobi ukakae juu ya baiskeli ya saizi yako kabla ya kulipa, na kama huwezi, pima baiskeli unayoendesha sasa na inayokukaa vizuri, kutoka ncha ya siti hadi katikati ya usukani, uwatumie hiyo namba. Upana wa usukani nao usiupuuze, kwa mwili wako sm 40 au 42 ni kawaida, pima mabega mfupa kwa mfupa.

Hapohapo kwenye breki, waulize ya mbele iko mkono gani. Baiskeli zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya bara na Marekani breki ya mbele iko kushoto, za Uingereza iko kulia, na pikipiki zote ya mbele ni kulia. Kama umezoea kulia halafu ukaletewa ya kushoto, siku unashuka Monduli Juu mbuzi akaingia barabarani, mkono utaenda ulikozoea kabla akili haijafika. Waambie wageuze kabla ya kupitisha mipira ndani, maana baada ya hapo ni ileile hadithi ya popo.

Krenki. Saizi ya mtu wa 168 mara nyingi inakuja na krenki ya mm 170, saa nyingine 172.5, kwa sababu tu ndo mazoea ya viwanda. Omba 165. Goti halipandi juu sana, nyonga haikunjiki sana ukiinama, na usiogope watakaokwambia eti utapoteza nguvu, Tadej Pogačar ana urefu wa sm 176 na anakanyaga 165, sijasikia mtu akilalamika kwamba hana nguvu. Ila kumbuka ukipunguza krenki unapandisha siti kwa kiasi hichohicho, kutoka 172.5 hadi 165 ni mm 7.5 juu, la sivyo utasema fundi kakudanganya.

Sasa gia, na hapa ndo ningeweka hela yako kama kuna hela ya kuweka. Kwenye orodha uliyonitumia naona toleo la spoketi moja mbele yenye meno 40, na kaseti ya 10-45, yaani spoketi ndogo meno 10 na kubwa meno 45, halafu kuna chaguo la 10-51. Tupige hesabu. Gurudumu la 700 na tairi la mm 40 likizunguka mara moja linaenda kama mita 2.2. Kwenye gia nyepesi kabisa ya 40 kwa 45, ukikanyaga mara 60 kwa dakika unaenda kilomita 7 kwa saa. Kwenye 40 kwa 51 unaenda 6.2. Utasema tofauti ni ndogo, lakini kwenye kile kilima cha mwisho wakati mapigo ya moyo yanasikika masikioni, ukiwa na kaseti ya 45 utashindwa kufika hizo mara 60 kwa dakika, utakanyaga mara 45, goti linalia, changarawe inateleza nyuma, unashuka unasukuma. Hiyo Migration iliyoanza 2021 ni siku 4 na kama km 650, sio mahali pa kusukuma baiskeli ya milioni tisa.

Na usidhani kaseti utabadilisha baadaye kirahisi. Direla ya nyuma (kile kifaa kinachohamisha cheni) ya Shimano GRX, gia za graveli za kampuni ya Shimano, inayobeba 45 sio ileile inayobeba 51, mkono wa ile ya 45 ni mfupi, kwa hiyo ukinunua kaseti unanunua na direla na cheni. Kama wakikupa toleo la spoketi mbili mbele, 48 na 31, na kaseti ya 11-36, hiyo nayo ni nzuri, nyepesi yake iko katikati ya zile mbili na mwendo wa lami unakuwa mkubwa zaidi. Mi kwa vumbi la huku kwetu napenda moja mbele, kitu kimoja kidogo cha kujaa tope, lakini hapo ni mapenzi tu.

Gia za umeme acha. Sio kwamba ni mbaya, ni tamu kweli, kidole kinagusa tu cheni inahama. Ila waya wa gia ukikatika Kisongo, fundi yeyote wa chini ya mwembe anakuwekea mwingine, na kidude cha umeme kikigoma hapo unapiga simu Nairobi.

Rimu za kaboni zenyewe nina neno moja. Baki na za alumini zinazokuja nayo, halafu sehemu ndogo ya ile hela uliyotaka kuweka huko nunua hivi: spoku za akiba nne kwa kila urefu, maana mbele na nyuma hazilingani na hata nyuma upande wa kaseti na upande wa diski hazilingani, hanga ya akiba, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika direla, ambacho kimetengenezwa makusudi kipinde kabla fremu haijaumia, na pedi za breki jozi mbili. Hivi vyote viingie kwenye boksi moja na baiskeli. Hanga ni kitu cha bei ndogo kabisa lakini nimeona mtu kakaa wiki tatu bila baiskeli akiisubiri.

Siti nakuachia, soma jibu la chini. Rangi ya tepu weka yoyote, baada ya mwezi mmoja wa Arusha itakuwa nyekundu ya vumbi.

SWALI: Fundi habari, mimi ni dada wa Mombasa, naagiza baiskeli ya lami ya bei kidogo na duka linanipa nichague upana wa siti, mm 143 au 155. Sijui nichague ipi, nikiuliza wananiambia wanawake wachukue pana. Ni kweli?

JIBU: Nzuri dada yangu. Mara nyingi mifupa ya kukalia ya wanawake imeachana zaidi, lakini "mara nyingi" sio wewe. Jipime mwenyewe leo jioni. Chukua kipande cha boksi gumu, lile lenye mawimbi ndani, boksi la mafuta ya kula linafaa kabisa, liweke juu ya kigoda kigumu kisicho na mto, vaa nguo nyepesi ukalie, pandisha visigino kidogo, inama mbele kama unashika usukani, kaa hapo dakika moja bila kujitikisa. Ukiinuka utaona mashimo mawili. Weka nukta katikati ya kila shimo upime kutoka nukta hadi nukta. Ukipata kama mm 115 chukua 143, ukipata 130 hivi chukua 155, yaani unaongeza kama sm 2 hadi 3 juu ya kipimo chako. Ukiwa unaendesha umeinama sana ongeza kidogo, ukiwa unakaa wima ongeza zaidi. Halafu waulize kama wanakubali kuibadilisha ndani ya mwezi ikikukataa, yapo maduka yanayokubali, maana boksi linasema upana tu, umbo la siti hadi ulikalie saa mbili ndo utajua.

SWALI: Kaka, nimepokea baiskeli yangu jana hapa Dar, nimelipa zaidi ya milioni kumi na mbili, nafungua boksi haina pedali! Nimepiga simu wanasema ndo ilivyo. Nimeibiwa?

JIBU: Hujaibiwa kaka, pole kwa mshtuko. Baiskeli za bei kubwa mara nyingi zinauzwa bila pedali kwa sababu kila mtu ana viatu vyake na aina yake ya pedali ya kubana, wangekuwekea ungeitoa. Wangekwambia tu kabla, hapo nakuunga mkono. Kama huna viatu vya kubana nunua pedali bapa nzuri za kawaida uanze nazo. Wakati wa kufunga angalia herufi, L ni kushoto na R ni kulia, paka grisi kidogo kwenye nyuzi, na ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume, inakazwa kwa kuzungusha kinyume na saa. Anza kwa vidole, sio kwa spana. Ikigoma baada ya mizunguko miwili itoe uanze upya, kwa sababu krenki ikiharibika nyuzi hiyo hawakurudishii hela.