Wanamrekebishia valvu au wanambadilishia?

Binti yangu alifanyiwa upasuaji wa moyo akiwa darasa la tano, pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Tangu hapo wazazi wenzangu hunipigia simu kuniuliza kama mtoto atapona. Nami huwauliza: madaktari wanamrekebishia valvu, yaani kile kilango cha moyo kinachopitisha damu, au wanambadilishia? Hilo lijueni kabla ya kusaini fomu.

Kurekebisha ni kuitengeneza valvu yake mwenyewe. Kwa watoto ndiyo njia inayopendelewa ikiwezekana, kwa sababu valvu ya bandia haikui. Mtoto akirefuka, inakuwa ndogo, na huenda akapasuliwa tena. Isiporekebishika, kuna ya chuma na ya tishu ya mnyama, ng'ombe au nguruwe (kama nguruwe ni tatizo kwenu kidini, semeni mapema, msione haya). Ya tishu huchakaa haraka kwa watoto. Ya chuma hudumu, lakini mtoto atameza wafarini maisha yake yote ili damu isigande, na atapimwa INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, mara kwa mara. Kitanda cha jirani yetu alikuwapo mvulana mwenye ya chuma. Usiku wodi ikitulia ungeisikia kifuani mwake, tik, tik, tik. Mama yake alisema akiisikia ndipo usingizi unampata.

Kama ni msichana, ulizeni pia kuhusu uzazi, hata kama ana miaka tisa tu. Wafarini inaweza kudhuru mimba, na daktari analizingatia hilo anapochagua valvu.

Wenye vichanga hali yao ni tofauti kidogo. Valvu iliyobana mara nyingine hutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa pajani, bila kufungua kifua. Kifua kikifunguliwa, msimwinue mtoto kwa kumshika makwapani. Mpakateni, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine shingoni. Mbeleko isubiri ruhusa ya daktari. Mfupa wa kifua huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga.

Wangu aliharibiwa valvu na homa ya baridi yabisi, ile inayoanza na koo kuuma tu. Upasuaji haukuiondoa hatari ya kuugua tena, kwa hiyo kila baada ya wiki nne anachoma penisilini. Analia, tunakwenda. Bibi yake hukasirika, anasema mtoto ameshapona, sindano za nini? Tunakwenda hivyo hivyo. Meno nayo asugue asubuhi na usiku, maana bakteria wa kwenye fizi wanaweza kuishia kwenye valvu.

Kwa anayetumia wafarini, mchicha na kisamvu haviachwi. Ale kwa kiasi kilekile wiki hadi wiki. Kinachonitisha zaidi ni duka la dawa la mtaani. Flajili, diklofenaki, aspirini, hata dawa za mitishamba zinaweza kumfanya avuje damu. Muuzaji hatawauliza. Mwambieni wenyewe, kabla hajafungua kabati, kwamba mtoto anatumia wafarini.