Usimkatalie baba mezani siku ya Jumapili

Nimezaliwa Salento, kisigino cha Italia, baba Mwitaliano na mama wa Malindi. Mimi ndiye mwana wa kwanza, nikapewa jina la babu mzaa baba kama desturi ya kule, na jina lile lilikuja pamoja na shamba lake.

Shamba lenyewe ni la mizeituni. Mwaka 2013 bakteria wa Xylella aligunduliwa karibu na Gallipoli. Haikuchukua miaka mingi, mizeituni yetu mikongwe ikakauka kuanzia ncha za matawi. Baba hakulia. Alikuwa akivunja kitawi, anakitazama ndani, anakitia mfukoni. Mwishowe aling'oa yote akapanda Favolosa, aina inayostahimili ugonjwa huo. Kila shimo alilochimba alilichimba kwa ajili yangu, na mimi moyo wangu uko kwenye uuguzi, Bologna, mji wa kaskazini mwa Italia.

Nikakosea: nilimkatalia baba shamba lile mezani, Jumapili mchana, mbele ya nonna (ndivyo tunavyomwita bibi), ami zangu na watoto wao. Chakula cha Jumapili kule ni baraza la ukoo, na kumkatalia baba mbele ya mama yake ni kumvunjia heshima. Aliweka uma chini akatoka. Miezi mitatu tuliishia kwenye salamu tu.

Mama alinifunza njia ya kwao: tafuta wa kukutangulia. Nikamwendea nonna jikoni, anakata orecchiette, tambi za kwetu zenye umbo la sikio dogo, kila kipande anakiburuta kwa kisu na kukigeuza juu ya kidole gumba. Nikamweleza kazi ninayoitaka na lini naondoka. Hakuinua macho. "Na Oktoba?" Oktoba ndipo mavuno yanapoanza. Nikamwahidi kurudi.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukitaka nawe kuondoka nyumbani, anza na yule ambaye baba yako humsikiliza, na usiende na "hapana" tupu. Peleka ahadi yenye tarehe. "Nitakuja nikipata nafasi" ni maneno mepesi kwa mtu anayehesabu mwaka kwa mavuno. Kumbuka pia kwamba Italia vijana wengi hukaa kwa wazazi hadi karibu miaka 30. Ukiondoka na 20, nyumba nzima inaona umewakimbia. Piga simu kila siku mwanzoni, hata kama huna la kusema.

Oktoba iliyopita nilitandika nyavu na baba chini ya miti ile michanga. Hatukuzungumza sana. Tulipokaa kula mkate, akaniuliza zamu za usiku zinaniendeaje.