Maswali na Majibu: Madikteta na Waliowafungulia Mlango

Je, Hitler si alichaguliwa na Wajerumani wengi? (Morogoro)

Swali hili sasa linanichosha. Hapana. Novemba 1932 chama chake cha Nazi kilipata asilimia 33 ya kura, kutoka 37 za Julai, kilikuwa kinaporomoka. Aliyempa ukansela, yaani uongozi wa serikali, Januari 30, 1933 ni Rais Hindenburg, kwa ushawishi wa Papen, kansela wa zamani aliyejiona mjanja, akidhani atamtumia kisha amtupe. Hata Machi 1933, wapinzani wakipigwa na kuwekwa ndani, hakufikisha nusu ya kura.

Tarehe 23 mwezi huohuo Bunge liliipa serikali yake ruhusa ya kutunga sheria bila Bunge, kwa kura 444 dhidi ya 94. Hao 94 wote walikuwa wa Chama cha Kidemokrasia cha Kijamii. Wakomunisti walikuwa kizuizini au mafichoni. Wastaarabu wa vyama vya kati, Wakatoliki wakiwemo, walisema ndiyo. Ilipofika katikati ya Julai, vyama vyao navyo havipo. Wanafunzi wanakariri jina la Hitler na kuwasahau hawa. Mimi ningewatungia mtihani hawa.

Mussolini aliiteka Roma kwa vita? (Tanga)

Alifika kwa treni ya usiku kutoka Milano. Mfalme wa Italia alikuwa amekataa kutia saini amri ya hali ya hatari, kisha akamwita aunde serikali.

Kwa nini Umoja wa Mataifa haukuisaidia Ethiopia mwaka 1935? (wanafunzi watatu, swali lilelile)

Kwa sababu haukuwepo! Umeanzishwa 1945. Mnaoutaka ni Shirikisho la Mataifa la Geneva, nalo liliiwekea Italia, iliyokuwa imeivamia Ethiopia, vikwazo vya kuchekesha: mafuta hayakuguswa. Mfereji wa Suez, ambako Waingereza walikuwa na askari, ulibaki wazi, meli za Mussolini zikapita na silaha zake. Desemba, mawaziri Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa walipanga kwa siri kumgawia sehemu kubwa ya Ethiopia. Magazeti yakaufichua mpango, ukafa. Gesi ya sumu ya Waitalia ikamwagwa juu ya watu. Juni 30, 1936 Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alisimama Geneva mwenyewe, waandishi wa Kiitalia wakampigia miluzi. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Anayekuambia azimio pekee linatosha kumlinda mnyonge, mwonyeshe tarehe hizo.

Mkataba wa Versailles ndio uliomleta Hitler? (Kisumu)

Mkataba huo wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza na Ujerumani ulitiwa saini 1919. Mwaka 1928 chama chake hakikufikisha hata asilimia 3. Soma mdororo wa uchumi wa 1929, kisha uniandikie tena.

Lakini kiongozi mkali si ndiye hujenga taifa haraka? Tazama viwanda vya Stalin. (Mwanza)

Naona umeangalia zile video fupi. Viwanda vya Muungano wa Kisovieti vilijengwa, sikatai. Nafaka iliyouzwa nje kununulia mitambo ilichukuliwa kwa wakulima, na mwaka 1932 hadi 1933 mamilioni walikufa njaa, Ukraine hasa. Sensa ya 1937 ilipoonyesha watu wamepungua kuliko alivyotangaza, Stalin aliifuta, wakuu wa sensa wakakamatwa. Mwaka 1939 ikafanyika nyingine, na hesabu safari hii zikampendeza.