Jibu: Kabla ya kununua pikipiki zaidi, hesabu vifurushi vilivyofika

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba umeajiriwa kuwa msimamizi wa shughuli katika kampuni ya kusambaza vifurushi hapa Nairobi, kwamba malalamiko ya wateja yameongezeka, kwamba waendeshaji wa pikipiki wanaacha kazi mmoja baada ya mwingine, na kwamba mwenye kampuni ameamua kununua pikipiki kumi zaidi. Umeuliza iwapo zitasaidia. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka sita, nikianza kama karani wa kupanga mizigo katika ghala moja la Industrial Area na kumalizia kama msimamizi wa tawi la katikati ya jiji. Kampuni sitaitaja, lakini na sisi tulinunua pikipiki.

Kwanza chunguza kampuni yenu huhesabu nini. Kwetu, kila siku kabla ya saa sita mchana, msimamizi alitakiwa kumtumia mkurugenzi ujumbe wa WhatsApp wenye idadi ya vifurushi vilivyotoka ghalani. Hakuna aliyeuliza vimefika vingapi. Kwa kuwa idadi hiyo ndiyo iliyotuletea pongezi au karipio, tulihakikisha kwamba kila kilichokuwa kwenye rafu kimetoka kabla ya saa hiyo, hata kama mpokeaji hakuwa amepigiwa simu na hata kama lebo iliandikwa "Pipeline" tu, jina la mtaa mzima, bila neno jingine. Mwendeshaji aliyeondoka na vifurushi 40 alirudi jioni na 15, vikarudishwa kwenye rafu, na kesho yake vikatoka na kuhesabiwa upya kana kwamba vimeingia siku hiyo. Nakumbuka kifurushi kimoja cha viatu vya shule, cha kwenda Utawala, ambacho kilikuwa kimetoka mara nne. Katika taarifa za mkurugenzi kilikuwa vifurushi vinne. Kwa mama aliyekuwa akikisubiri, hakikuwa hata kimoja.

Ndiyo maana tulionekana kuzidiwa na kazi. Taarifa zilionyesha mizigo inaongezeka mwezi hadi mwezi, ilhali sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa ya jana na ya juzi ikizungushwa mjini kwa mafuta ya leo. Ukiongeza pikipiki katika hali hiyo, unaongeza uwezo wa kuzungusha.

Sasa, kwa nini vilikuwa vinarudi? Mkurugenzi aliamini kwamba waendeshaji ni wavivu, na mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa karibu mwaka mzima, jambo ambalo bado linanitia haya. Nilibadili mawazo siku nilipochukua orodha ya vifurushi vyote vilivyoandikwa "mteja hakupatikana" na kuwapigia wapokeaji mmoja mmoja. Wengi walipokea simu mara moja, na wengi wao walisema hawakuwa wamepigiwa na mtu yeyote. Nilipovipanga kwa mitaa, karibu vyote vilikuwa vya Rongai, Kitengela, Ruai na Kahawa Sukari; vya Westlands na Upper Hill vilikuwa vichache mno. Sababu ilikuwa kwenye malipo. Mwendeshaji alilipwa kiasi kilekile kwa kila kifurushi, kiwe cha ofisi ya Upper Hill ambako anaweza kukabidhi sita katika jengo moja, au cha Kitengela ambako kimoja kinamla saa mbili, na mafuta ni yake. Mtu yeyote anayejua kujumlisha angefanya kama walivyofanya wao. Tulipogawa jiji katika kanda na kuweka malipo tofauti kwa kila kanda, mrundiko wa Rongai ulipungua katika muda wa wiki mbili, bila kumfukuza mtu.

Sababu ya pili ni anwani, na hapa sina budi kukawia kidogo. Nairobi nyumba nyingi hazina nambari inayojulikana na jirani, sembuse na mgeni. Sanduku la posta ambalo mtu huandika kwenye fomu liko posta, halimfikishi mwendeshaji mlangoni. Anwani halisi ni simu ya mpokeaji, pamoja na maelezo kama "shukia stage ya mwisho, uliza duka la mama anayeuza makaa, geti la kijani". Kwa hiyo muda wa maongezi ni kitendea kazi sawa na mafuta. Kwetu waendeshaji walipewa muda wa maongezi kila Jumatatu, na kufikia Jumatano ulikuwa umekwisha. Kuanzia hapo walimpigia mteja mlio mmoja na kukata, wakitumaini atarudisha simu, jambo ambalo mtu asiyeijua nambari hiyo hafanyi. Tulichofanya baadaye ni kumweka karani mmoja awapigie wapokeaji wote jioni ya kuamkia siku ya kusambaza, athibitishe kwamba watakuwepo, na aandike maelezo ya njia kwa Kiswahili cha kueleweka. Kifurushi ambacho mwenyewe hakupatikana jioni hakikutoka asubuhi. Idadi ya vilivyotoka ilishuka, mkurugenzi alikasirika, na ilinibidi nimwekee karatasi mbili mezani, ya vilivyotoka na ya vilivyofika, ili aone kwamba ya pili ilikuwa imepanda.

Kuhusu fedha za wateja wanaolipa baada ya kupokea, nitasema wazi kwa sababu ndizo zilizotuharibia jina kuliko ucheleweshaji. Mwanzoni mteja alimtumia mwendeshaji pesa kwa M-Pesa kwenye simu yake binafsi, naye alitakiwa kuziwasilisha jioni. Baadhi walizitumia kwa mafuta wakinuia kuzirudisha, na deni likakua. Tulipohamia kwenye nambari ya tili ya kampuni, yaani nambari ya M-Pesa ya kupokelea malipo, nilidhani tatizo limekwisha, kumbe lilikuwa limepanda ngazi tu: ofisi nayo ilianza kulipia kodi ya ghala kwa fedha za wauzaji wa Luthuli Avenue na Eastleigh waliotukabidhi bidhaa zao, huku wauzaji wakiambiwa kwamba "mfumo una shida". Usiku mmoja niliwajibu watatu kwa uongo huo, na sikulala vizuri. Mshauri mwajiri wako afungue akaunti ya pekee kwa fedha hizo, isiyoguswa kwa matumizi ya kampuni, na muuzaji alipwe kwa siku inayojulikana.

Umeuliza pia kama ni sawa kumkata mwendeshaji pesa kifurushi kinapopotea. Kwa mwajiriwa, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humruhusu mwajiri kukata kiasi cha kadiri kwa hasara iliyotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kupotea tu kwa kifurushi hakuthibitishi makusudi. Kwetu kijana mmoja alikatwa bei ya simu ambayo, tulivyokuja kugundua, haikuwahi kushuka kwenye lori lililotoka Mombasa, kwa kuwa mizigo ilipokewa saa kumi na moja alfajiri kwa kutazamwa tu, bila kuhesabiwa na bila mtu kutia saini. Kijana aliacha kazi kabla ukweli haujajulikana, na fedha zake hazikurudishwa. Anza hapo mizigo inapoingia ghalani: watu wa lori na wa ghala wahesabiane, na kila mkono unaopokea utie saini.

Kuna pia ile tabia ya wakubwa kumpigia mwendeshaji moja kwa moja ili aache njia yake apeleke kifurushi cha rafiki. Utaizuia ukiweza, mimi sikuweza.

Kurudi kwa pikipiki zenu kumi: angalia kwanza mizigo yenu inakwenda wapi. Nairobi Expressway, barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu pikipiki, kwa hiyo anayekwenda Syokimau hubanana na malori chini kwenye Mombasa Road, na katika mvua za Machi hadi Mei kazi yake hukaribia kusimama. Kwa kanda za mbali, gari dogo moja lenye vifurushi vilivyothibitishwa kwa simu lilitufaa kuliko pikipiki nne. Kati ya zile tulizonunua, tatu zilikaa nyuma ya ghala zikiwa na vumbi kwa kukosa waendeshaji, maana waliokuwepo walikuwa wakiondoka kwa sababu nilizozitaja. Mwombe mwajiri wako asitie saini kwa muuzaji wa pikipiki kwa wiki mbili. Chukua vifurushi 100 vya juma lililopita, fuatilia kila kimoja kilitoka mara ngapi kabla ya kufika, kisha umpelekee hesabu hiyo pamoja na bei ya mafuta.